Muulize Fundi wa Miale: Injini, gari zima na kichwa cha dinosaria

Toleo lililopita nilitaja kwa sentensi mbili tu kwamba kazini kwetu tumeweka giaboksi ya lori kwenye mashine ya CT, ile inayopiga eksirei za pande zote na kujenga picha ya ndani ya kitu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi, na nyingi zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: kitu kikubwa kinapigwaje CT? Basi safu nzima ya leo ni hilo. Kwa wasionijua: nilianzia hospitalini, miaka 11 nikipiga picha vichwa na vifua vya watu. Sasa nina miaka 9 kwenye banda la viwandani na wagonjwa wangu wana boliti. Hawalalamiki wakilala mezani usiku kucha, ila wana ujanja wao. Nitaufikia mwishoni.

*Shikamoo Bi Mkubwa. Nasomea ufundi wa magari. Tundu la mashine ya CT ya hospitali lina upana wa kama sentimita 70, na bloku ya injini ya silinda nne inapita humo bila shida. Kwa nini watu wahangaike na mashine maalumu? Au mnaogopa kitanda kuchafuka?*

Marahaba mwanangu. Kitanda utakichafua kweli, na mtu wa zamu atakufukuza kabla hujawasha. Lakini tuseme hayupo.

Kila anayeniletea kitu kikubwa huanza kunitajia urefu, upana na uzito. Nami huuliza swali moja tu: katika mzunguko mzima wa kitu hicho, mwale mmoja utakutana na chuma cha unene gani kwa jumla, pale panapokuwa pabaya kuliko pote? Unene wa njia ya mwale ndio ukubwa ninaoujali. Pipa tupu la bati lenye upana wa mita moja kwangu ni kitu kidogo. Nondo nene kama paja ni jitu.

Shika kalamu tupige hesabu. Bomba la eksirei la hospitali hufanya kazi kati ya kilovolti 80 na 140. Miale yake ikiingia kwenye chuma, kila milimita 2 hivi inapungua nusu. Sentimita 2 za chuma ni nusu ya nusu ya nusu, mara 10, yaani kati ya fotoni 1,000 (fotoni ni chembe za miale) zilizoingia hutoka moja. Hapo bado unaweza kujikongoja. Sasa bloku yako ya chuma cha kumimina: mwale unaopita kwa urefu, ukikata kuta za silinda moja baada ya nyingine, utakusanya sentimita 10 bila hata kujitahidi. Hizo ni nusu 50. Ili itoke fotoni moja, inabidi uingize milioni ya bilioni. Kigunduzi kilicho upande wa pili kitakuonyesha giza na kelele zake chenyewe, basi.

Bloku ikiwa ya aluminiamu, habari inabadilika. Miale ileile hupungua nusu baada ya kama sentimita moja na nusu, kwa hiyo sentimita 15 za aluminiamu ni sawa na sentimita 2 za chuma. Ndiyo maana kichwa cha silinda cha aluminiamu tunakipiga kwa raha, kisha tunafika kwenye bloku yenye silivu za chuma, zile kuta za ndani za silinda, tunaanza kukuna vichwa.

Usiniambie, "Basi piga kwa upande mwembamba." CT haina upande. Picha ya ndani hujengwa kwa vivuli vya pande zote, mamia au maelfu yake, kitu kikizunguka. Mwanahisabati Johann Radon alionyesha mwaka 1917 kwamba ukiwa na vivuli vyote hivyo unaweza kukirudisha kitu chenyewe. Vikikosekana vya upande mmoja kwa sababu miale haikupita, hasara haibaki upande huo: inatapakaa. Utaona michirizi myeupe kwa myeusi inayokatiza picha yote, hata pale ambapo chuma chako kilikuwa chembamba na safi.

Kwa hiyo viwandani tunapanda ngazi. Kuna mabomba ya kilovolti 225, kisha 450, ambayo kwenye chuma hufika sentimita 7 mpaka 10 kwa kutoka jasho. Zaidi ya hapo tunaingia kwenye linaki, mashine inayokimbiza elektroni kwa mstari na kuzigonga kwenye kipande cha metali kizito. Miale ya linaki ya megavolti 9 hupungua nusu kila sentimita 3 za chuma. Sentimita 30 za chuma kwa linaki hiyo ni zile zile nusu 10, yaani fotoni moja kati ya 1,000. Ugumu ule ule uliokuwa nao na sentimita 2 kule hospitali.

*Bi Fundi, kuna jamaa kanibishia kwamba gari zima, na matairi yake, linaweza kupigwa CT. Nikamwambia anaota. Tumewekeana dau. Nani kashinda?*

Lipa dau.

Kule Fürth, Ujerumani, taasisi ya Fraunhofer ina ukumbi uliojengwa kwa ajili hiyo hasa. Kuna minara miwili inayotazamana: mmoja umebeba linaki ya megavolti 9, mwingine umebeba kigunduzi cha mstari chenye urefu wa mita 4. Katikati kuna meza ya kuzunguka yenye upana wa mita 3. Hospitalini mgonjwa hutulia na mashine humzunguka. Hapa mashine imetulia na mgonjwa ndiye anayezungushwa, kwa sababu kuizungusha linaki na kigunduzi cha mita 4 kuzunguka gari ni kujitafutia balaa. Gari husimamishwa wima likafungwa kwenye fremu, na mtu akiliona mara ya kwanza hudhani limeegeshwa na mlevi. Sababu ni ile ile ya swali la kwanza. Likisimama, miale inakata upana na kimo chake. Likilala, kuna pembe ambapo mwale utaingia kwenye taa za mbele na kutokea kwenye buti, ukiwa umepitia injini, giaboksi na kila kilichofuata.

Pale pale Fürth walipiga ndege nzima ya roketi ya Vita Kuu ya Pili, Messerschmitt Me 163 ya makumbusho ya Deutsches Museum. Nimetazama vipande vya picha zake kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Unaiona ribiti moja moja.

Kuna njia nyingine pia. BMW, hapo hapo Ujerumani, imetumia mikono minne ya roboti inayofanya kazi kwa jozi: mmoja ameshika bomba la eksirei, mwenzake ameshika kigunduzi upande wa pili, na gari la majaribio limesimama kwa magurudumu yake katikati. Usitarajie injini nzima hapo, ila viungo, gundi na weldi za bodi zinaonekana bila kulibomoa gari.

Mtu akishaamini kwamba gari linapigwa, huuliza kwa nini inachukua muda mrefu. Kigunduzi cha mstari huona kipande kimoja chembamba cha kitu kwa wakati mmoja. Ukimaliza mzunguko unapanda kidogo, unaanza tena. Tungeweza kutumia kigunduzi bapa kinachoona kimo kikubwa kwa mpigo mmoja, na kwa vitu vidogo ndivyo tunavyofanya. Lakini kwenye chuma kinene, fotoni nyingi hazimezwi, hugonga na kupotoka njia, zikatua kwenye kigunduzi mahali pasipo pake, kama ukungu uliotandazwa juu ya picha. Kigunduzi cha mstari huwekewa kizuizi chenye mwanya mwembamba, na fotoni iliyopotoka haipati pa kuingilia. Unalipa kwa saa, unapata picha isiyo na ukungu. Mimi huchagua saa.

Na data ndiyo usiseme. Chukua kigunduzi cha mita 4 chenye pikseli kila milimita 0.4. Hizo ni pikseli 10,000. Kipande kimoja cha picha ni 10,000 kwa 10,000, na kila nukta ikila baiti 2 una megabaiti 200. Vipande 10,000 kwenda juu ni terabaiti 2, na hapo hujaanza kuhesabu vivuli ghafi vilivyoizaa picha. Kanuni ya vitabuni inataka vivuli mara moja na nusu na ushee ya pikseli za upana, yaani zaidi ya 15,000 kwa kila kimo. Hakuna anayevipiga vyote. Tunapunguza, kisha tunanyamaza.

Anayechoka kusubiri nikumbushe: Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza aliyebuni CT, alipojenga chombo chake cha kwanza cha majaribio juu ya kitanda cha kerezo, akitumia chanzo cha mionzi cha ameriki (elementi yenye mionzi, americium), alihitaji siku 9 kukusanya vipimo 28,000 vya kitu kimoja, kisha saa mbili na nusu za kompyuta. Mgonjwa wa kwanza alipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971.

*Je, kitu kilichopigwa kwa linaki kinabaki na mionzi? Mume wangu anakataa kupokea pampu iliyotoka huko.*

Mwambie aipokee. Eksirei ni kama mwanga, ukizima taa haubaki chumbani. Fotoni ikiwa na nguvu kubwa mno huweza kuvuruga kiini cha atomu, na ndiyo sababu moja inayotufanya tusikimbilie megavolti 15 ovyo, lakini kwa 9 na vyuma vya kawaida hilo si la kukukosesha usingizi. Anayepaswa kuogopa ni mtu aliyemo ukumbini mashine ikiwaka. Kwa ajili yake kuna kuta za zege nene, king'ora, mlango unaozima kila kitu ukifunguliwa, na vitufe vya kubonyeza ukutani ambavyo lazima nivifikie kwa miguu yangu, kona kwa kona, kuthibitisha kwamba hakuna mtu. Nimevibonyeza maelfu ya mara, na bado huita kwa sauti, "Yupo mtu?"

*Toleo lililopita uliandika: "Nguvu ikiongezeka, picha inakuwa safi zaidi." Mimi ni mwalimu wa fizikia, na sentensi hiyo siikubali.*

Mwalimu, umenikamata. Niliandika nikiwa na chuma kichwani, nikasahau dunia ina vitu vingine.

Kwa nguvu ndogo za hospitali, miale humezwa kwa namna inayotegemea sana aina ya atomu. Kalsiamu ya mfupa huimeza kuliko maji ya nyama, ndiyo maana mfupa unajitenga kwa weupe. Ukipanda hadi megavolti, kinachotawala ni ule mgongano wa fotoni na elektroni, nao haujali sana atomu ni ya nini, unajali msongamano. Tofauti kati ya vitu vyepesi inafifia. Ndani ya gari lililopigwa kwa linaki utaona pistoni vizuri kabisa, halafu utafute waya mwembamba na kifuniko chake cha plastiki, uchoke.

Kuna la pili. Mahali ambapo eksirei zinazaliwa pana upana wake. Kwenye bomba la kisasa la vitu vidogo, doa hilo ni la maikromita chache. Kwenye linaki ni milimita moja au mbili. Kivuli kinachotupwa na taa pana kina kingo za ukungu, hata mtoto anajua. Kwa hiyo anayetaka nguvu ya kupenya anaacha ukali wa picha mezani, na kazi yangu nusu yake ni kujua nguvu ndogo kuliko zote itakayopenya. Sentensi ile naifuta. Nilipaswa kusema nguvu ikipungua mno hakuna picha kabisa.

*Nafanya kazi ya uhifadhi kwenye makumbusho. Tuna kisukuku kikubwa, bado kimo ndani ya koti lake la plasta, unene wa kama sentimita 40. Je, kinahitaji linaki? Na je, ni lazima kisafiri? Kila nikifikiria barabara natetemeka.*

Mwenzangu, swali lako ndilo tamu kuliko yote ya mwezi huu.

Jiwe si chuma. Kwa bomba la kilovolti 450 lililochujwa vizuri, miale hupungua nusu kila sentimita 2 hivi za jiwe la kawaida. Sentimita 20 ni zile nusu 10 unazozijua sasa. Sentimita 40 ni nusu 20, yaani fotoni moja kati ya milioni, hapo unaanza kutamani linaki. Ila pima kwanza. Unene wa 40 ni wa koti zima au wa jiwe lenyewe? Plasta ya nje na hewa ya kati hazinisumbui. Nimewahi kuletewa furushi la kutisha ambalo ndani yake jiwe lilikuwa la sentimita 18.

Kinachonitia wasiwasi ni kitu kingine: mfupa uliogeuka jiwe, ukiwa umezungukwa na jiwe. Kama msongamano wa viwili hivyo unakaribiana, mashine itapenya vizuri na kukuonyesha kijivu juu ya kijivu. Hapo jibu langu kwa mwalimu linarudi kuniuma, kwa sababu linaki ingekupa kupenya na kukunyima tofauti. Na kama udongo wake una madini ya chuma, tegemea michirizi. Piga kivuli kimoja tu kwanza, eksirei ya kawaida. Ukiona japo mstari wa mfupa, CT itakulipa.

Kuhusu safari, wakubwa wameamua kwa namna zote mbili. Fuvu la dinosaria *Tyrannosaurus* anayeitwa Sue, wa makumbusho ya Field kule Chicago, halikuingia kwenye mashine yoyote ya hospitali. Lilisafirishwa hadi California, kwenye maabara ya Rocketdyne ya kampuni ya Boeing, iliyokuwa na CT ya kukagulia sehemu za injini za roketi. Vipande vya chombo cha Antikythera, kile chenye magurudumu ya meno kilichotolewa baharini Ugiriki, havikuruhusiwa kutoka kwenye makumbusho yake Athens, basi mwaka 2005 mashine yenye uzito wa tani kadhaa ndiyo iliyosafiri kuvifuata. Mwaka huo huo, tarehe 5 Januari, maiti ya Farao Tutankhamun wa Misri ilipigwa ndani ya trela iliyoegeshwa karibu na kaburi lake, picha kama 1,700.

Ikikubidi kusafirisha, chonga kitanda cha povu gumu kinacholishika koti kote, na kitanda hicho hicho ndicho kitakachopanda mezani kwetu. Povu miale hailioni. Usitumie misumari kwenye kreti ya mbao. Nimesema usitumie, maana najua seremala wako atatumia.

*Shikamoo Bibi. Mimi niko darasa la sita. Je, mnaweza kupiga piramidi?*

Marahaba mjukuu wangu. Mimi siwezi. Linaki yangu ingekufa njiani kabla ya kufika nusu ya jiwe la pili.

Lakini kuna miale isiyohitaji mashine. Huko juu kabisa hewani, chembe kutoka anga za mbali hugonga hewa na kuzaa chembe zinazoitwa miuoni, ambazo hupenya mamia ya mita za mawe. Fungua kiganja chako sasa hivi: kila sekunde moja hivi, mmoja unapita. Mwanafizikia Luis Alvarez aliweka vigunduzi ndani ya piramidi ya Khafre kule Giza miaka ya 1960, na kwa sehemu aliyoweza kuiona hakukuta chumba kilichofichwa. Mwaka 2017 watafiti wa mradi wa ScanPyramids walitangaza uwazi mkubwa ndani ya piramidi ya Khufu, wenye urefu wa angalau mita 30, na mwaka 2023 wakathibitisha njia nyingine ya kama mita 9 nyuma ya uso wa kaskazini, hata wakapenyeza kamera ndogo wakaiona. Vigunduzi hukaa miezi vikihesabu, na piramidi haizungushwi mezani, kwa hiyo ni vivuli vya pembe chache tu. Wewe kua, ukaongeze pembe.

*Tunataka kuleta giaboksi yetu ipigwe CT. Tuitayarishe vipi?*

Sasa ule ujanja wa wagonjwa wangu.

Giaboksi niliyoitaja toleo lililopita ililetwa na watu walioapa kwamba mafuta yamemwagwa. Tuliisimamisha mezani, tukaibana kwa kabari za mbao na mikanda ya kukaza, tukaiachia usiku. Asubuhi nikafungua vipande vya picha, nikaona kila beringi ina kingo mbili, kama ninavyoona nikivua miwani. Nikadhani programu imekosea kitovu cha mzunguko. Nikakirekebisha, kingo zikabaki mbili.

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho ningepaswa kuanza nacho. Kivuli cha kwanza na kivuli cha mwisho, baada ya mzunguko kamili, lazima vifanane, kwa sababu kitu kimerudi pale pale. Ukikitoa kimoja kwenye kingine unapaswa kupata kijivu kitupu. Mimi nilipata hilali nyeupe kando ya kila gia, na chini ya kasha doa jeusi ambalo jioni halikuwepo. Mafuta mazito yalikuwa yamejificha nyuma ya sinkronaiza. Ukumbi ulipopata joto yakateremka polepole, yakapenya kwenye sili, yakalowesha kabari, na kabari ikateleza. Giaboksi nzima ilikuwa imehama kwa kama milimita moja. Saa 14 za linaki zikaenda bure.

Kwa hiyo imwageni, kisha muigeuze juu chini mahali penye joto kwa siku mbili juu ya karai. Mkikuta karai kavu siku ya pili, igeuzeni tena upande mwingine. Fungeni gia kwenye nyutro na mzuie shafti isizunguke. Ipimeni uzito kwa mizani, msikisie. Alama za kalamu ya wino zinatosha, stika za metali muondoe. Na pampu ndogo ya mafuta iliyo pembeni, ile ambayo kila mtu huisahau, fungueni boliti zake mbili mkaimwage peke yake.